Tafakari ya Juma: Mfanyakazi Akivuka Bahari, Je, Haki Yake Huvuka Naye?



Majuma kadhaa yaliyopita alifika ofisini kwetu mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo, akiwa ameshika bahasha ya kaki. Mwanawe alikuwa amepata kazi ya ulinzi katika nchi ya mbali, kwa kampuni yenye makao yake katika nchi nyingine, kupitia wakala aliyeko katika nchi ya tatu. Mama huyo alikuja kuomba cheti cha ubatizo na barua ya paroko. Alipokwisha kupewa, alisita mlangoni kisha akauliza: “Padre, huko aendako, akionewa atamlilia nani? Na akifa, nani atatuambia?”

Tulikiri kwamba hatukuwa na jibu la haraka. Tuliufungua mkataba ule pamoja naye. Ulikuwa na kurasa 4 za Kiingereza; mshahara ulitajwa, saa za kazi zilitajwa, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja ulioeleza malalamiko yapelekwe wapi, wala nani hulipa mfanyakazi akiumia. Ndiyo maana juma hili tumeona vema tutafakari historia ya swali la mama huyu. Si swali jipya. Limewahi kufika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na majibu yaliyotolewa huko yanawagusa hata vijana wa Afrika Mashariki.

Tuanze na sheria yenyewe. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia. Sura yake ya Saba ilimkataza mwajiri kumbagua mtu kazini kwa sababu ya rangi, taifa la asili, dini, jinsia au mbari yake. Mwaka mmoja baadaye ilianza kazi Tume ya Fursa Sawa za Ajira, chombo ambacho mfanyakazi aliyebaguliwa hupeleka kwake lalamiko lake kabla ya kwenda mahakamani. Kwa watu weusi wa Marekani, waliokuwa wamefungiwa milango ya viwanda na ofisi kwa vizazi vingi, hii ilikuwa hatua kubwa mno. Hata hivyo watunga sheria hawakusema waziwazi jambo moja: je, sheria hii humfuata Mmarekani anayepelekwa na kampuni ya Kimarekani kufanya kazi nje ya nchi?

Walikuwapo wafanyakazi wengi wa namna hiyo, na mahali palipojulikana kuliko pote ni Dhahran, mashariki ya Saudi Arabia. Makampuni ya mafuta ya Kimarekani yalipata ruhusa ya kutafuta mafuta huko mwaka 1933, na mwaka 1938 kisima cha saba cha Dammam kikabubujika. Mwaka 1944 kampuni iliyokuwa ikichimba ilipewa jina la Arabian American Oil Company, yaani Aramco. Pale Dhahran kampuni ilijenga mji wa Wamarekani uliozungushiwa ua, wenye nyumba nzuri na huduma zote. Wafanyakazi wa Kisaudi waliishi katika vibanda vya makuti, na Waitalia walioletwa kutoka Eritrea walikuwa na kambi yao, duni kuliko ile ya Wamarekani. Mshahara, nyumba na hata maji ya kunywa vilifuata asili ya mtu. Wafanyakazi Wasaudi waligoma mwaka 1945, wakagoma tena mwaka 1953 na 1956, na baada ya mgomo wa mwisho amri ya mfalme ilipiga marufuku migomo. Basi ubaguzi mahali pa kazi ughaibuni haukuanza na kesi tutakayoisimulia. Ulikuwapo tangu kisima cha kwanza.

Kesi hiyo ilimhusu mhandisi mmoja. Alizaliwa Lebanon, akahamia Marekani na kupewa uraia. Mwaka 1979 aliajiriwa mjini Houston, Texas, na kampuni tanzu ya Aramco, akiwa mhandisi wa makadirio ya gharama. Mwaka uliofuata aliomba mwenyewe kuhamishiwa Saudi Arabia, akakubaliwa. Alifanya kazi huko hadi mwaka 1984, alipofukuzwa. Yeye alidai kwamba msimamizi wake alimsumbua, na kwamba hatimaye alifukuzwa, kwa sababu ya mbari yake, dini yake na asili yake. Alipeleka lalamiko kwa Tume, kisha akaenda mahakamani Texas.

Tuzingatie hapa, wapendwa, kwamba hakuna mahakama iliyopata kuamua kama madai yake yalikuwa ya kweli au ya uongo. Hakufika huko. Aliambiwa mlangoni kabisa kwamba sheria aliyoishika mkononi haikuvuka bahari pamoja naye. Alishindwa katika mahakama ya kwanza, akashindwa katika rufani, akashindwa tena majaji wote wa rufani walipoketi pamoja. Ndipo shauri lake likafika Mahakama ya Juu, nayo Tume ya Fursa Sawa za Ajira ikasimama upande wake.

Lilisikilizwa tarehe 16 Januari 1991. Usiku wa siku hiyohiyo ndege za Marekani na washirika wake zilianza kuishambulia Iraki, huku zaidi ya askari nusu milioni wa Marekani wakiwa wamekusanyika katika Ghuba, wengi wao kwenye ardhi ya Saudi Arabia. Taifa lililopeleka jeshi kubwa namna hiyo ng’ambo lilikuwa likiulizwa na raia wake mmoja kama linaweza kupeleka huko na sheria yake.

Hukumu ilitolewa tarehe 26 Machi 1991, majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Mkuu William Rehnquist aliandika kwamba sheria ya Bunge hudhaniwa kuhusu mambo ya ndani ya nchi tu, isipokuwa Bunge liseme wazi vinginevyo. Sababu ya dhana hiyo si mbaya: kila nchi ina sheria zake, na nchi moja ikitawanya amri zake duniani kote, migongano haitaisha. Alikumbusha shauri la mwaka 1949 la mpishi mmoja Mmarekani, aliyefanya kazi kwa mkandarasi wa serikali ya Marekani huko Iraki na Irani. Mpishi yule alidai malipo ya saa za ziada, kwa kuwa sheria ya Marekani iliweka saa 8 kwa siku katika kazi za serikali. Mahakama ikamjibu kwamba sheria ile haikukusudiwa kufika Iraki wala Irani. Mpishi alikosa malipo yake. Na baada ya miaka 42 jibu alilopewa likawa jiwe la msingi la kumkatalia mhandisi.

Walio wachache waliongozwa na Jaji Thurgood Marshall. Huyu alikuwa kitukuu cha mtumwa, na mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu, tangu mwaka 1967. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kumkumbuka pia kwa jambo jingine: mwaka 1960 alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba, na huko aliandaa rasimu ya haki za binadamu, yenye kuwalinda hata Wahindi na Wazungu waliokuwa wachache. Katika shauri hili Marshall alitazama kifungu kimoja cha sheria ya 1964, kinachosema kwamba sheria haiwahusu wageni walioajiriwa nje ya Marekani. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: ukisema watoto wa jirani wasile jikoni mwako, umekubali kwamba wako wanakula humo. Kama Bunge liliona haja ya kuwatoa wageni walioko nje, basi raia walioko nje walikuwamo. Lakini hoja hiyo haikupata kura za kutosha.

Wengine watauliza kama hapakuwa na ugumu wa kweli katika kuipeleka sheria ya nchi moja ndani ya nchi nyingine. Ugumu ulikuwapo, na mashauri mawili ya miaka ileile yanauonesha, yote mawili ya Texas na yote mawili yakigusa dini.

La kwanza ni la rubani wa helikopta, Mbaptisti, aliyepewa kazi ya kuruka juu ya mahujaji huko Makka. Kwa kuwa asiye Mwislamu hakuruhusiwa kuingia eneo hilo takatifu, na adhabu iliyohofiwa ilikuwa kifo, kampuni ilitaka marubani wake wawe Waislamu. Rubani yule kwanza alikubali kusilimu, kisha dhamiri yake ikamkataza. Kampuni ilimpa kazi nyingine isiyohitaji hayo; hakuitaka. Mwaka 1983 mahakama iliamua kwamba kwa kazi ile hasa, sharti la dini lilikuwa la haki, maana lilikusudiwa kulinda uhai wa rubani mwenyewe.

La pili ni la madaktari wawili Wayahudi wa chuo cha tiba cha Baylor, Houston. Chuo hicho kilikuwa kikipeleka vikosi vya upasuaji wa moyo katika hospitali ya Mfalme Faisal huko Riyadh, na waliokwenda walipata malipo makubwa zaidi. Madaktari wale waliachwa nyuma mara kwa mara. Chuo kilijitetea kwamba Wasaudi wasingewapa Wayahudi viza. Lakini ilipotakiwa kuthibitisha, hapakuwa na ushahidi kwamba chuo kiliwahi hata kuuliza vema. Mwaka 1986 mahakama ya rufani ilithibitisha kwamba madaktari walibaguliwa.

Tukiyaweka mashauri haya mawili pamoja tunajifunza jambo kubwa. Kuna kizuizi cha kweli kitokacho katika sheria ya nchi ya wenyeji, na kuna kizuizi ambacho mwajiri hujitungia, kisha akakiegemeza kwa wenyeji. Sheria yenye hekima haina budi kuvitenganisha.

Ndivyo Bunge la Marekani lilivyofanya, tena upesi. Tayari katika mwaka 1984, mwaka uleule mhandisi alipofukuzwa, Bunge lilikuwa limeirekebisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wenye umri mkubwa ili iwafuate raia walioko nje. Baada ya hukumu ya Machi 1991, lilifanya vivyo hivyo kwa Sura ya Saba. Tarehe 21 Novemba 1991, Rais George H. W. Bush alitia sahihi Sheria mpya ya Haki za Kiraia. Tangu hapo raia wa Marekani anayefanya kazi nje kwa kampuni ya Kimarekani, au kwa kampuni ya kigeni inayotawaliwa na ya Kimarekani, analindwa dhidi ya ubaguzi. Mwajiri anasamehewa tu pale ambapo kuitii sheria ya Marekani kungemlazimisha kuvunja sheria ya nchi aliyomo.

Na mhandisi wetu je? Sheria mpya ilisema wazi kwamba kifungu hiki hakihusu matendo yaliyofanyika kabla ya siku ile ya Novemba. Yeye aliyehangaika kwa miaka mahakamani hakupata kitu. Wengine wameingia kwa mlango alioubisha yeye, na yeye akabaki nje.

Lakini si yeye peke yake aliyebaki nje. Tuliangalie tena neno moja katika sheria ile: raia. Chukueni mfano wa ofisi moja ya kampuni ya Kimarekani mjini Riyadh, wakiketi humo Mmarekani, Mkenya na Mfilipino. Msimamizi mmoja akiwabagua wote watatu kwa siku moja na kwa sababu moja, ni Mmarekani tu awezaye kuishika sheria hiyo. Wale wawili hawamo, kwa kile kile kifungu cha wageni alichokitumia Jaji Marshall katika hoja yake. Tena ajabu ni hii: Mkenya huyohuyo angekuwa anafanya kazi Houston, Sura ya Saba ingemlinda, kama Mahakama ya Juu ilivyokwisha kueleza mwaka 1973. Raia hufuatwa na sheria popote aendapo. Mgeni huiacha mlangoni anapotoka. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Huonekana na kila mtu, lakini si lazima awe na mtu wa kumtetea.

Kuhusu mafao, habari ni tofauti kidogo, nayo inatuhusu zaidi. Mwaka 1941, Marekani ikiwa inajenga kambi za kijeshi ng’ambo, Bunge lake lilitunga Sheria ya Kambi za Ulinzi. Inamtaka kila mkandarasi anayefanya kazi katika kambi hizo nje ya nchi awakatie bima wafanyakazi wake. Mtu akiumia hata asiweze kufanya kazi, hulipwa theluthi mbili za wastani wa mshahara wake. Akifa kwa ajili ya kazi, mjane hulipwa nusu, na akiwa na watoto malipo hufika theluthi mbili. Jambo jema ni kwamba sheria hii haiulizi uraia. Baada ya vita vya Iraki kuanza mwaka 2003, maelfu ya vijana kutoka Uganda, na wengine kutoka Kenya, walikwenda kulinda kambi za Marekani huko Iraki na Afghanistan wakiwa wameajiriwa na makampuni binafsi. Wote walikuwa chini ya sheria hii, ingawa wengi hawakuwahi kuisikia.

Hata hivyo usawa huo una kasoro mbili. Ya kwanza: kwa mgeni asiyeishi Marekani wala Kanada, mwenye bima anaweza kuomba kumaliza deni lake kwa mkupuo, akilipa nusu tu ya thamani ya malipo yaliyobaki. Tuseme malipo yaliyobaki ya mjane yamekadiriwa kuwa dola 100,000. Mjane wa Kampala anaweza kupewa dola 50,000, na jambo likaishia hapo. Ya pili: familia ya mgeni inahesabiwa kuwa mke au mume na watoto, au wasipokuwapo, wazazi aliokuwa akiwatunza. Mmarekani akifa, hata ndugu zake, wajukuu zake na babu na bibi waliomtegemea wanaweza kufikiriwa. Ndugu wapendwa, hebu tujiulize: ni nani kati yetu na wale wenye tabia ya kumsomesha mdogo wake na kumlisha bibi yake? Familia ya Kiafrika, ambayo kwa kweli hutegemea mshahara mmoja watu 10, ndiyo iliyohesabiwa kuwa fupi.

Mwaka huohuo wa 1991 Kanisa lilikuwa likiadhimisha miaka 100 ya Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII juu ya hali ya wafanyakazi. Miaka 10 kabla, Septemba 1981, Papa Yohane Paulo II katika Laborem Exercens alikuwa amefundisha kwamba mtu afanyaye kazi nje ya nchi yake, awe wa kudumu au wa msimu, asiwekwe chini ya wafanyakazi wengine katika haki za kazi. Msingi wa fundisho hilo si pasipoti. Ni kwamba kazi hupata thamani yake kwa yule anayeifanya, naye ni mtu, popote alipo. Kwa kipimo hicho, sheria ya 1991 ilikuwa hatua njema iliyoishia nusu ya njia.

Wala tusiwanyoshee kidole Wamarekani peke yao. Tanzania ilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka 2004, inayokataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo utaifa, kabila, dini na maambukizi ya VVU. Kenya ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa kazi. Sheria zetu ni nzuri. Lakini binti yetu akinyanyaswa katika nyumba ya mwajiri huko Ghuba, ndipo tunapoliona swali la mhandisi wa Dhahran likirudi: sheria ya nyumbani haijafika, na ya ugenini haimtambui sawasawa.

Basi turudi kwa yule mama. Historia hii ilitusaidia kumwandikia maswali matatu ayapeleke kwa wakala. Kwanza, mwajiri halisi ni nani, na sheria ya nchi gani inautawala mkataba huu? Pili, ni kampuni gani ya bima iliyomkatia bima, na namba ya hati yake ni ipi? Tatu, akiumia au akifa, ni nani waliotajwa kuwa wategemezi wake? Tulimwongezea neno moja: nakala ya mkataba ibaki nyumbani, kwa maana madai ya fidia yana muda wake. Kwa sheria ile ya 1941, kwa kawaida taarifa ya kuumia hutolewa ndani ya siku 30 na madai ndani ya mwaka 1. Mjane asiye na karatasi hupoteza mwaka mzima akitafuta mlango wa kubisha.

Wakala hakufurahi. Alisema wengine wanangoja nafasi hiyo. Kijana naye alimkasirikia mama yake kwa siku kadhaa. Lakini baada ya majuma mawili ulikuja mkataba mwingine, wenye kurasa 11, na safari hii jina la kampuni ya bima limo, na jina la mama limo. Kijana ameondoka Jumanne. Nakala ya mkataba wake iko katika bahasha ile ile ya kaki, sandukuni kwa mama, pamoja na cheti cha ubatizo.

Walio na vijana wanaojiandaa kusafiri waje na mikataba yao ofisini baada ya Misa ya pili. Tutaisoma pamoja.

Padre wenu.